Mizani ya Chuo cha Pili

Kila mwaka, dirisha la udahili linapofunguliwa, hunijia vijana wa Musoma na Bunda, na wengine waliotoka Butiama alfajiri ile ile, wakiwa na bahasha zenye cheti cha kidato cha nne, stashahada ya ualimu au ya maendeleo ya jamii, na nakala ya matokeo iliyopigwa mhuri. Na swali lao aghalabu ni moja: miaka hii niliyokwisha kuisoma, chuo kikuu kitanihesabia mingapi? Swali hilo ni la haki, ila limeanzia mwisho. Miaka haihesabiwi mpaka mwenye mizani akubali kwanza kuipima, na kumfikisha kwenye kukubali ndiyo kazi yenyewe, nayo ina kanuni zake. Nimeona ni kheri niichambue kazi hiyo kwa mfano wa mtu wa papa hapa kwetu, ambaye sote twamjua kwa mambo makubwa aliyoyatenda baadaye, lakini ambaye ni wachache waliowahi kumtazama kama mwombaji wa nafasi ya chuo: Kambarage bin Nyerere Burito, mwalimu mwenye diploma ya Makerere, aliyetaka kuingia Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Sitakaa sana katika utoto wake. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, na kwa sadfa mwaka huo huo Makerere ilifunguliwa huko Kampala ikiwa shule ya ufundi. Yasimuliwa kuwa Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu, nchi ambayo leo imo wilayani Bunda, ndiye aliyemshauri baba yake, Mtemi Nyerere Burito, ampeleke mtoto shule, baada ya kuuona wepesi wa akili yake katika mchezo wa bao. Mwaka 1934 akaingia shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma, mwendo mrefu kutoka nyumbani, na baada ya miezi sita akarushwa darasa. Mwaka 1937 akaenda Shule ya Serikali ya Tabora. Na mwaka 1943, baada ya kufaulu mtihani, akaingia Makerere kwa malipo ya ufadhili, akahitimu 1945 na diploma ya ualimu.

Hapa ndipo uchambuzi unapoanza, kwa sababu hapa ndipo ilipo tofauti ambayo vijana wengi hawaioni. Makerere ya mwaka 1945, pamoja na adhama yote iliyokuwa nayo Afrika ya Mashariki, haikuwa ikitoa shahada. Ilikuwa mwisho wa elimu kwa Mwafrika wa Tanganyika, nchi ambayo haikuwa na chuo kikuu chake mpaka 1961. Lakini mbele ya wakuu wa vyuo vya Uingereza, diploma ile ilikuwa karatasi njema iliyoandikwa kwa lugha ambayo daftari lao halikuwa na safu ya kuiandikia. Neno letu lenyewe laweza kutufunza: shahada, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ushahidi. Mwombaji wa chuo ni mtu anayeleta ushahidi mbele ya kadhi aliye mbali, asiyemjua yeye wala baba yake wala mji aliotoka, na ushahidi usiosomeka kwa kadhi huyo, hata ukiwa wa kweli tupu, haumsaidii mwenye dai. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo Mwalimu Nyerere alihitaji halikuwa kusoma zaidi, bali kuugeuza ushahidi aliokuwa nao uwe wa aina inayosomeka pande mbili.

Aliupata kwa njia ya London. Tangu mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilikuwa kimefungua mitihani yake kwa watahiniwa wa nje, watu ambao hawakuwahi kukanyaga ukumbi wake hata mara moja, na mtihani wake wa kuingilia, ulioitwa Matrikulesheni, ukawa kipimo kilichotambulikana popote ilipofika dola ya Waingereza. Mwalimu, aliyekuwa akifundisha biolojia katika shule ya St Mary's, Tabora, tangu 1946, akaufanya mtihani huo na kuufaulu. Nataka msomaji atue hapa na aipime hatua hii, kwa maana huu, kwa maoni yangu, ndio ufunguo wa habari nzima. Mtu aliyekwisha hitimu chuo cha juu kuliko vyote katika nchi tatu, mwenye wanafunzi wanaosimama anapoingia darasani, alikubali kukaa tena kwenye dawati la mtahiniwa na kufanya mtihani wa kuingilia. Hakusema, mimi ni wa Makerere, yanitosha. Wengi wa wale wanijiao na bahasha hushindwa papa hapa, wala si kwa upungufu wa akili; wanaona kufanyishwa tena jambo la chini ni kudharauliwa, ilhali mwenye mizani hawadharau, anataka tu jiwe ambalo uzito wake anaujua.

Tukisema karatasi ilipatikana, bado ilibaki fedha. Sheria ya Maendeleo na Ustawi wa Makoloni ya mwaka 1940, na ile ya 1945 iliyotenga pauni milioni 120 kwa miaka kumi, ndiyo iliyokuwa chemchemi ya msaada wa masomo kwa watu wa makoloni. Mwalimu akaomba, ombi la kwanza halikukubaliwa. Akaomba tena, na safari hii likakubaliwa. Katika maombi haya mawili, mimi naona la pili lina mafunzo zaidi kuliko la kwanza, kwa sababu baina ya maombi mawili hayo hakuacha kazi akakaa kusubiri, wala hakubadili azma. Aliendelea kufundisha Tabora, na kila siku aliyofundisha ilikuwa ikiongeza ushahidi wa aina nyingine, ule ambao haumo katika cheti.

Ushahidi huo ni wa watu. Mkuu wa St Mary's, Padri Richard Walsh wa shirika la Mapadri Weupe, ndiye aliyemhimiza kwenda kusoma ng'ambo na kumsaidia katika njia ya kufika huko. Padri huyu hakumjua Nyerere kwa jina tu katika orodha. Alimwona akiingia darasani asubuhi na kutoka jioni, akamsikia akibishana, akajua namna anavyosahihisha madaftari. Barua ya mapendekezo itokayo kwa mtu wa namna hiyo ina sifa ambayo barua ya mkubwa asiyekujua haiwezi kuwa nayo, hata mkubwa huyo akiwa na cheo kirefu kama njia ya Sirari: ina mambo ndani yake. Fauka ya hayo, palikuwa na kazi iliyojisemea yenyewe, kwani alipokuwa Makerere Nyerere aliandika insha juu ya hali ya wanawake, akazitumia fikira za John Stuart Mill kuyatazama maisha ya Wazanaki, na insha ile ikapata tuzo ya kwanza. Tazama alivyofanya: hakumwiga Mill, wala hakuandika sifa za ukoo wake, alikichukua kipimo cha ghaibu akapimia jambo alilolijua kwa macho yake tangu utotoni, katika boma la mtemi mwenye wake wengi, ambako mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wao. Hata leo, chuo chenye ushindani kikimtaka mwombaji aandike juu ya nafsi yake, hicho ndicho kinachotafutwa, nami huwaambia vijana waache kuandika kuwa wanapenda kuisaidia jamii na waandike juu ya mnada wa ng'ombe, au mtumbwi wa baba, au kisima, maadamu wanakijua.

Hata hivyo alisita. Baba yake alikuwa amefariki mwaka 1942, na mshahara wa ualimu ulikuwa ukimtunza mama na wadogo zake. Kwenda masomoni kulikuwa na maana ya kuuacha mshahara ule. Nalitaja jambo hili kwa sababu katika hesabu za udahili huwa halitajwi, na katika nyumba za Butiama na Bunda ndilo linalotangulia yote. Kijana wa huku mwenye kazi anapoomba chuo haombi kwa ajili ya nafsi yake peke yake, na asipolipanga jambo la nyumbani mapema, litampata katikati ya muhula.

Mwezi wa Aprili 1949 akasafiri kwenda Uingereza, na kutoka London akapanda treni hadi Edinburgh. Nani hatadhani kuwa kazi ya kuomba ilikuwa imekwisha? Haikuwa. Vyuo vikuu vya Scotland vilikuwa na mtihani wao wa awali, na Mwalimu, baada ya mafunzo mafupi ya kemia na fizikia, aliufanya na kufaulu Kiingereza cha daraja la juu. Ndipo Oktoba 1949, miezi sita tangu afike, akapokewa katika Kitivo cha Sanaa kusomea shahada ya M.A., ambayo kwa desturi ya Scotland ni shahada ya kwanza. Hivyo mizani zilikuwa tatu, ya Makerere, ya London na ya Scotland, na hakuna hata moja iliyouchukua uzito wa nyingine bila kuupima upya.

Katika safari hiyo mna kona moja nyembamba inayostahili kuangaliwa. Mtu aliyefundisha biolojia na kuanza huko na kemia na fizikia aliishia katika Sanaa. Na ndani ya Sanaa akasoma shahada ya kawaida, si ile iitwayo Honours, iliyohesabiwa kuwa ya juu zaidi. Wapo watakaoiona hatua hii kuwa ni kushuka. Mimi naiona kuwa chaguo la mtu aliyejua alichofuata, kwa kuwa shahada ya kawaida ilimruhusu kusoma mambo mengi badala ya kuzama katika moja. Mwaka wa kwanza alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa kisiasa na elimu ya jamii za binadamu, hii ya mwisho chini ya Ralph Piddington. Mwaka wa pili historia ya uchumi na historia ya Uingereza, aliyofundishwa na Richard Pares. Mwaka wa tatu sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Alama zake hazikuwa za kung'ara, lakini masomo yote aliyafaulu, na Julai 1952 akatunukiwa shahada. Miaka ya Makerere haikumpunguzia hata somo moja katika haya saba. Ilimpunguzia kitu kingine: alipokutana na Mill mara ya pili, hakukutana na mgeni.

Na kama angengoja? Mwaka ule ule wa 1949 Makerere ilifanywa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano na London, ikaanza kuandaa wanafunzi kwa shahada, na wahitimu wa kwanza wakapatikana 1953. Kwa hesabu ya miaka, basi, hakutangulia sana. Kwa hesabu ya watu aliokutana nao na nchi aliyoiona kutoka ndani, siwezi kuyalinganisha mawili hayo.

Sasa niirudie bahasha. Kwa kanuni za Tume ya Vyuo Vikuu, mwenye stashahada anayeomba shahada ya kwanza hutakiwa kuwa na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne na wastani usiopungua 3.0 katika stashahada, pamoja na ile namba ya uhakiki wa tuzo ambayo vijana huiita AVN. Na vyuo vyenye ushindani, au kozi zenye ushindani kama udaktari, hupandisha kizingiti juu ya hapo. Anayehama kutoka chuo kikuu kimoja kwenda kingine, akitaka masomo aliyoyasoma yahesabiwe, huchambuliwa somo kwa somo: maudhui yake, saa zake, kiwango chake. Baadhi ya vyuo vya Marekani vinavyopokea wanaohama hutaka pia barua za wahadhiri na taarifa kutoka chuo anachotoka. Katika yote haya nakala ya matokeo ni nusu ya ushahidi. Alama ya B+ mbele ya neno “Malezi na Unasihi” haimwambii msomaji wa mbali ni mada zipi zilifundishwa, kwa saa ngapi, kwa mazoezi gani. Anayemwambia ni muhtasari wa somo, waraka ambao wanafunzi wengi huuacha bwenini siku ya kuondoka.

Juzi nilimpokea binti wa Bunda, mwalimu wa shule ya msingi mwaka wa tatu sasa, mwenye wastani wa 3.8. Cheti chake kilikuwepo, nakala ya matokeo ilikuwepo, AVN alikuwa ameipata. Barua yake ya mapendekezo ilikuwa imeandikwa na kiongozi mmoja aliyewahi kumwona mara moja, siku ya mahafali, na muhtasari wa masomo hakuwa nao hata mmoja. Tukaziweka karatasi mezani kwa mpangilio, tukaacha nafasi mbili wazi. Nikamuuliza ni nani aliyemsimamia katika mazoezi ya kufundisha. Akamtaja mwalimu mmoja mzee, ambaye alikaa nyuma ya darasa lake wiki sita na kumwandikia maoni kwa kalamu nyekundu. “Bado yuko?” nikamuuliza. “Yuko, Mwalimu, amestaafu, anaishi karibu na stendi.” Akazikunja karatasi, akatoka kuwahi basi la saa nane, ili amkute kabla ya magharibi.