Fundi na Ramani Isiyolalamika

Seva ya ramani ni kompyuta, au kundi la kompyuta, inayopokea ombi la mtu anayetaka kuona eneo fulani, ikachota maumbo ya eneo hilo kutoka katika hifadhidata, ikayachora kuwa picha na kuirudisha kwa mwombaji, na yote hayo hutakiwa kukamilika kabla mwombaji hajaanza kushuku kwamba mtandao umekatika. Katika halmashauri, mamlaka za maji, mashirika ya umeme na ofisi za ardhi, seva ya namna hiyo hutumiwa kwa pamoja na watu wengi wasiojuana, na hifadhidata iliyo nyuma yake, inayoitwa ya kijiografia kwa kuwa pamoja na majina na tarehe hutunza pia nukta, mistari na mipaka, ndiyo inayobeba kumbukumbu ya nani anamiliki kiwanja gani na bomba lipi limepita wapi. Ufundi wa kuitibu inapougua hauna washairi wake. Unastahili sifa hata hivyo, na sifa yenyewe haitokani na wingi wa amri ambazo fundi amezikariri, bali na tabia moja adimu: kukataa kuiamini ramani kwa sababu tu imetokea kwenye skrini.

Ombi la ramani hupita mikono mingi. Hutoka kwenye kivinjari, likaingia katika programu ya kuchora, mathalani GeoServer, MapServer au ArcGIS Server, ambayo nayo huchukua muunganisho mmoja kutoka katika hodhi la miunganisho iliyofunguliwa tayari, ikauliza swali lake katika hifadhidata kama vile PostgreSQL iliyoongezewa PostGIS, kiongezo kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2001 na kampuni ya Refractions Research ya Kanada, na hifadhidata ikaenda kusoma diski. Kila kituo katika safari hiyo kina faili lake la kumbukumbu, yaani logi, na kila kituo kina uwezo wa kukisingizia kituo kinachofuata. Fundi mchanga hukimbilia kituo anachokifahamu vizuri zaidi, ndiyo maana anayejua mtandao huona tatizo la mtandao na anayejua hifadhidata huona tatizo la hifadhidata. Fundi aliyekomaa huukata mnyororo katikati: hulichukua swali lile lile ambalo programu ya kuchora imelituma, akaliuliza mwenyewe moja kwa moja katika hifadhidata, na jibu likija upesi na likiwa sahihi, basi nusu ya washukiwa wameachiliwa huru kwa jaribio moja.

Makosa yanayopiga kelele hayahitaji maelezo marefu. Diski ikijaa, nywila ikibadilishwa bila taarifa, au cheti cha usalama kikipitwa na tarehe, mfumo husema hivyo kwa maneno, na aliye tayari kusoma logi hadi mwisho, badala ya kusoma mstari wa kwanza na kuanza kupiga ramli, atapata jibu. Kazi ngumu huanza pale ambapo hakuna kilicholalamika, ramani imechorwa kwa rangi zake zote, na ni ya uongo.

Mfano mwepesi ni wa kupinduka kwa kuratibu, zile namba mbili zinazotaja mahali. Kiwango cha WMS, ambacho ni lugha ya pamoja ya seva za ramani kilichowekwa na Open Geospatial Consortium, kilikuwa katika toleo la 1.1.1 kikitanguliza longitudo, lakini toleo la 1.3.0 likaagiza kwamba kwa mfumo uitwao EPSG:4326 latitudo itangulie. Seva moja ikizungumza toleo jipya na programu ya mtumiaji ikasikia kwa sikio la toleo la zamani, Dar es Salaam huhamia magharibi mwa Hispania karibu na mpaka wa Ureno, Mombasa hutua kusini kidogo mwa Toledo, na Nairobi huzama katika Bahari ya Kati. Alama ya kutoa ikidondoka mbele ya latitudo, Dar es Salaam hiyo hiyo hupanda hadi nyanda za juu za kusini mwa Ethiopia, na viwanja ambavyo kuratibu zake hazikujazwa kabisa hurundikana katika Ghuba ya Guinea, penye latitudo sifuri na longitudo sifuri. Mwenye uzoefu huyajua makosa haya kwa anwani zake, kiasi kwamba akiambiwa tu viwanja vimeangukia nchi gani hutaja ugonjwa kabla ya kuigusa kompyuta. Nchi iliyokatwa na ikweta kama Kenya ina lake la ziada, kwa sababu katika mfumo wa gridi ya UTM, unaoigawa dunia katika kanda za nyuzi sita sita za longitudo na kuhesabu umbali kwa mita, sehemu zilizo kusini mwa ikweta huongezewa mita 10,000,000 ili namba zisiwe hasi, na mtu akisoma kuratibu za Nairobi kana kwamba ziko upande wa kaskazini ataikuta Nairobi jirani na Ncha ya Kaskazini.

Hayo huchekesha, na kwa kuwa huchekesha hugunduliwa siku hiyo hiyo. Kosa linalostahili kuogopwa ni dogo kuliko hayo, na Afrika Mashariki inalo la kurithi. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zilijengwa juu ya datamu ya Arc 1960, na datamu ni makubaliano kuhusu umbo la dunia na mahali pa kuanzia kupimia. Jina lake linatokana na tao la meridiani ya 30 mashariki, mnyororo wa pembetatu za wapimaji ambao David Gill, mwanafalaki wa Rasi ya Tumaini Jema, aliupigia debe katika karne ya 19, akitaka upande kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Arc 1960 huiona dunia kwa duaradufu ya Clarke ya mwaka 1880, ilhali vifaa vya GPS hutumia datamu nyingine, WGS 84, yenye duaradufu tofauti kidogo na kitovu kilichosogea. Matokeo yake ni kwamba mahali pale pale, katika kanda ile ile ya UTM, huwa na namba mbili tofauti, na mtu akizichukua namba za Arc 1960 za Dar es Salaam na kuzibandika lebo ya WGS 84, kila kiwanja kitasogea kaskazini kwa takriban mita 300 na magharibi kwa karibu mita 100.

Umbali huo ni mtego uliopimwa kwa ustadi. Ukitazama mkoa mzima kwenye skrini, huuoni, kwa sababu umefichwa na unene wa mstari wa kalamu. Ukikaribia mtaa mmoja, huo ni umbali wa vichochoro kadhaa. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwatuma wanafunzi na wakazi kuchora mifereji, nyumba na maeneo yanayofurika, nao walichora kwa vifaa vya WGS 84. Afisa akiziweka ramani hizo juu ya viwanja vya kale vyenye lebo ya uongo ili ajue ni kaya zipi ziko katika bonde la Msimbazi, seva itamjibu bila kusita, orodha itatoka ikiwa na majina na namba za viwanja, na walioorodheshwa kuwa hatarini huenda wakawa wanaishi mlimani. Hakuna logi itakayoandika chochote. Kwa mtazamo wa kompyuta hesabu imekwenda sawa.

Hapa ndipo fundi huonekana thamani yake, kwa sababu tiba mbili zinazofanana sana ziko mezani na moja ni sumu. PostGIS ina amri iitwayo ST_SetSRID, inayobadilisha lebo ya mfumo wa kuratibu bila kuzigusa namba, na nyingine iitwayo ST_Transform, inayozipigia namba hesabu upya ili zihamie mfumo mwingine. Ikiwa namba ni za Arc 1960 na lebo inasema WGS 84, lazima lebo irekebishwe kwanza, kisha hesabu ifuate. Anayeanza na hesabu hupata kosa lile lile likiwa limevaa nguo mpya, na anayerekebisha lebo mara mbili hupoteza hata alama ya kosa lilikotoka. Tena hesabu yenyewe haina jibu moja. Kuna vigezo vya wastani kwa Kenya na Tanzania kwa pamoja, ambavyo huisogeza asili ya vipimo kwa mita -160, -6 na -302 katika mihimili mitatu, na kuna vigezo vingine vya Tanzania peke yake, na majibu yao hupishana kwa mita chache. Mita chache si kitu kwa anayechora mipaka ya wilaya, lakini kwa anayechora ukuta kati ya majirani wawili ni kesi ya baraza la ardhi.

Kuna magonjwa ya kasi pia, na yana uzuri wake. Hifadhidata ya kijiografia hutafuta maumbo kwa msaada wa faharasa iliyotokana na wazo la Antonin Guttman la mwaka 1984, linaloitwa R-tree: kila umbo hufungiwa ndani ya mstatili, mistatili iliyo jirani hufungiwa ndani ya mstatili mkubwa zaidi, na mtafutaji huvitupa vifurushi vizima bila kuvifungua. Mpango huo huvunjwa na jambo linaloonekana halina hatia. Mtu huandika swali linalozigeuza kuratibu za jedwali lote kwenda mfumo wa ramani ya mtumiaji, ndipo linganisho lifanyike, na kwa kuwa faharasa ilijengwa juu ya namba za asili, haifai tena, hivyo hifadhidata husoma kila kiwanja nchini ili kuonyesha mtaa mmoja. Dawa yake ni kuligeuza dirisha dogo la mtumiaji lifuate mfumo wa jedwali, na swali lililochukua dakika hukamilika kufumba na kufumbua. Amri ya EXPLAIN ANALYZE huonyesha njia ambayo hifadhidata imeipita, pamoja na idadi ya mistari iliyotarajia na ile iliyoikuta, na pale inapokuwa imetarajia mstari mmoja ikakuta laki kadhaa, fundi hujua kwamba takwimu zake za ndani zimezeeka, pengine kwa kuwa data nyingi zimepakiwa usiku na uchambuzi haujafanyika.

Lakini uzembe unaoenea zaidi katika ofisi, na unaopewa jina zuri la suluhisho, ni kuizima seva na kuiwasha. Ni kweli ramani hurudi. Kinachopotea ni ushahidi. Chukua hodhi la miunganisho lililokauka: PostgreSQL isipobadilishwa mipangilio hukubali miunganisho 100, na ikijaa, anayefuata hukataliwa. Fundi asiyekurupuka, kabla ya kuzima chochote, husoma pg_stat_activity, jedwali linaloonyesha kila aliyeunganishwa, anafanya nini na tangu lini, na si ajabu akaikuta kompyuta moja ya mezani iliyofungua muamala siku ya Ijumaa, mwenye nayo akaenda zake bila kuufunga. Muamala huo hauzuii muunganisho mmoja tu. Maadamu uko wazi, hifadhidata haithubutu kufagia mistari iliyokwisha kufutwa, kwa kuwa huenda aliyeufungua bado anahitaji kuiona dunia ilivyokuwa Ijumaa, na majedwali huvimba kwa maiti za rekodi hadi kila swali linakuwa zito. Kuwasha upya kungeuondoa muamala huo pamoja na jina la kompyuta iliyouacha, na Jumatatu ifuatayo hadithi ingeanza upya.

Hifadhidata za ArcGIS zinazofuata utaratibu wa jadi wa matoleo huugua kwa namna inayokaribiana. Humo kila mhariri hufanya kazi katika toleo lake, na mabadiliko hayaandikwi katika jedwali mama bali katika majedwali mawili ya pembeni, moja la vilivyoongezwa na moja la vilivyofutwa, ambayo hutakiwa kubanwa mara kwa mara ili yaliyokubaliwa yaingie katika jedwali mama. Toleo moja lililosahaulika huzuia ubanaji wa kila kilichofuata baada yake, hivyo swali la kiwanja kimoja hulazimika kupitia historia ndefu ya marekebisho. Kuligundua toleo hilo ni rahisi kuliko kumpata mwenye mamlaka ya kusema lifutwe, na sehemu hii ya ufundi, ya kupita milangoni kwa adabu na kuuliza kazi ni ya nani, haimo katika mwongozo wowote wa programu.

Akiba ya vigae itajwe kwa kifupi. Ili kupunguza kazi, seva huhifadhi picha zilizokwisha kuchorwa zikiwa vipande vya mraba, na kila ngazi ya ukaribu ina vipande mara nne ya ile iliyotangulia, kwa hiyo ngazi ya 18 kwa dunia nzima ingehitaji zaidi ya bilioni 68. Mpaka uliosahihishwa katika hifadhidata huweza kuendelea kuonekana wa zamani kwa sababu kigae ni cha jana, na wengi wamesahihisha mara ya pili kitu kilichokuwa sahihi tayari.

Baada ya yote hayo, anayejiheshimu hafungi kazi kwa kusema ramani imefunguka. Hutafuta nguzo ya upimaji, ile alama ya zege iliyosimikwa na wapimaji, ambayo kuratibu zake zimo katika kumbukumbu zao kwa datamu ya zamani na kwa ile mpya, kisha huipitisha nukta hiyo katika mnyororo wote, ikiingia kama namba katika hifadhidata na kutoka kama kitone kwenye skrini ya mtumiaji wa kawaida, akaisoma namba iliyotoka na kuilinganisha na ile ya kumbukumbu. Tofauti ikiwa mita 300, kuna lebo iliyomponyoka. Ikiwa mita nne, seva ni nzima, mwombaji ameridhika, mkuu wa idara ameshashukuru kwa barua, naye hurudi kuifungua orodha ya vigezo ili aone ni kipi kati yao programu ilikichagua bila kumuuliza.