Eastern Bypass: Nani Alichora Leni Mbili?

Waliopita Eastern Bypass ya Nairobi kabla haijapanuliwa hawahitaji kusimuliwa. Trela mbele, trela nyuma, nawe katikati unachungulia kulia: nipite, nisipite? Juzi nikamsikia bwana mmoja redioni akiusifu upanuzi uliozinduliwa 2021, eti ni mfano wa serikali kuona mbali. Kuona mbali gani? Barabara inayorudiwa kabla haijatimiza miaka kumi ilikosewa siku ya kwanza, na aliyekosea hajawahi kuulizwa.

Njia yenyewe sina ugomvi nayo. City Cabanas, Utawala, Ruai, Kamakis hadi Ruiru: lori la Mombasa linaloelekea Thika, Isiolo au Moyale halina haja ya kuiona Uhuru Highway. Wapangaji wa jiji wa miaka ya 1970 walikuwa wameshawaza baipasi. Hapo pongezi.

Ugomvi wangu ni upana. Kuna mtu alikaa mezani akachora leni mbili, moja ya kwenda na moja ya kuja, bila kizuizi katikati. Na miaka ileile, serikali ileile ilikuwa inamimina leni nane kwenye Thika Road, ambayo Rais Kibaki aliifungua Novemba 2012. Barabara hizo mbili zinakutana Ruiru. Ukisimama pale enzi hizo ungedhani fundi ameunganisha bomba la zimamoto na mrija wa soda.

Hesabu yake haina uchawi. Barabara ya leni mbili, hali zote zikiwa nzuri, hubeba magari madogo kama 3,200 kwa saa, pande zote pamoja. Ukitenganisha pande na kuweka leni nne, kila leni inakaribia 2,000. Yaani leni zimeongezeka maradufu, uwezo umeongezeka mara mbili na nusu, kwa sababu kwenye leni mbili kila anayeovateki anakopa nafasi ya anayekuja, na wakati mwingine halipi. Lori moja nalo huhesabiwa kama magari mawili au matatu, mlimani zaidi. Sasa barabara unayoijenga mahsusi kwa ajili ya malori, unaipa umbo ambalo trela moja lenye mzigo, likijikokota kilomita 30 kwa saa, linatosha kuigeuza msafara wa mazishi. Huo ni mchezo gani?

Jioni moja, kabla ya kufika Ruai, nilikwama nyuma ya lori la mawe ya Ndarugo lililopasuka gurudumu. Bega la barabara lilikuwa mchanga mtupu na dereva aliogopa kuzama, basi akasimama palepale kwenye leni. Taniboi alikuwa anavunja matawi ya kichaka na kuyatandaza kwenye lami, moja kila hatua tano, maana pembetatu za kuonya hazikuwapo. Tukawa tunapita kwa zamu, tukiongozwa na kijana wa boda aliyejiteua kuwa trafiki na kudai chochote dirishani. Nilipofika kwa taniboi nikamuuliza mawe yanaenda wapi. Akasema, "Utawala, mzee. Kuna mtu anajenga fleti."

Nilicheka peke yangu hadi nyumbani. Aliyechora leni mbili aliangalia nyika, akahesabu magari aliyoyakuta. Hakuhesabu kwamba lami ikishalala ploti zitauzwa kando yake, na ploti zikiuzwa mawe yatakuja, mchanga utakuja, saruji itatoka Athi River, na vyote hivyo vitapita kwenye leni yake moja ya kwenda.

Watanijibu: fedha, bwana, mkopo wa Wachina, ndiyo maana tulijenga kwa awamu. Najua. Kujenga kwa awamu kuna adabu zake. Unashindilia tuta la kutosha leni nne, madaraja unayajenga mapana, halafu unatia lami nusu. Na kabla ya yote unafunga milango: ploti yoyote isifunguke moja kwa moja barabarani, kila mtu atoke kwa barabara ya huduma. Kwetu milango iliachwa wazi kama ya duka. Petroli hapa, nyama choma pale, matatu inashusha popote makanga anapogonga bodi. Ajali zikizidi, dawa ya Kenya ni ileile: matuta. Nimesema na nitasema tena, tuta ni la mtaani wanakocheza watoto. Trela la ekseli sita halina kazi nalo.

Na kulikuwa na aliyejua kulinda ardhi ya baipasi. Mwaka 2004, Raila Odinga akiwa Waziri wa Barabara, alipeleka tingatinga kwenye hifadhi za baipasi ambazo watu wenye majina walikuwa wamejigawia. Hata kijiji cha Kibera kilichoitwa Raila, kwa jina lake mwenyewe, kilibomolewa Februari mwaka huo kupisha Southern Bypass. Watu wale walistahili kuhamishwa kwa utu na hawakuhamishwa hivyo, hilo nalikubali. Kelele zikawa nyingi, serikali ikamzuia, ubomoaji ukasimama. Lakini Raila alielewa kwamba baipasi ni ardhi kwanza, lami baadaye. Waliomfuata wakapokea ardhi iliyopiganiwa namna ile, wakaitandikia utepe. Mwanasiasa mwenye ubavu wa kumnyang'anya mkubwa hifadhi ya barabara sijamwona tena tangu hapo.

Na leni nne ziliwezekana kwingine: Southern Bypass, kilomita 28.6, ilizaliwa nazo na makutano ya ghorofa, licha ya kesi ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Western Bypass, Gitaru hadi Ruaka, nayo sina ugomvi nayo.

Na mashariki sasa tumepata leni zetu nne. Nendeni Kamakis Jumamosi jioni mkaone. Leni ya kushoto imeliwa na magari ya walaji wa nyama, taa za dharura zinawaka, vijana wa mikahawa wanapunga vitambaa katikati ya lami kuita wateja. Trela la Mombasa linawasha indiketa, linajisukuma kulia, na nyuma yake foleni inaanza kujipanga.