Nasaba Peke Yake Haitoshi: Kitabu cha Kitereza na Historia ya Koo za Ukerewe

Mtu atafutaye asili ya ukoo wake kisiwani Ukerewe ana njia mbili. Ya kwanza ni masimulizi ya wazee, pamoja na nyimbo za wapigaji wa enanga. Ya pili ni maandishi: majalada ya serikali na madaftari ya ubatizo na ndoa ya misheni. Njia zote mbili zina thamani, lakini zina upungufu wa namna moja. Humjua mtawala kuliko raia, na mume kuliko mke. Nasaba ya Wasilanga, waliotawala hadi utemi ulipofutwa mwaka 1963, yaweza kuhesabiwa kizazi baada ya kizazi. Nasaba ya mkulima hukomea kwa babu, na bibi hatajwi.

Hapo ndipo ionekanapo thamani ya kitabu cha Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo huohuo wa watawala, na historia ya watemi aliifahimu vema. Hata hivyo, hadithi yake aliwapa mume na mke wa kawaida wasiojaliwa mtoto. Wazazi wa Bugonoka wanamrudisha binti yao nyumbani. Myombekere anamfuata, anatozwa pombe ya ndizi, na hatimaye mganga anatafutwa. Katika safari hiyo twaona jinsi mkwe anavyosalimiwa, jinsi shamba linavyolimwa na jinsi maiti anavyozikwa.

Wapo wasomaji walalamikao kwamba kitabu kinakwenda polepole. Lawama hiyo ina ukweli, maana kurasa zinapita 600, na mara nyingi kisa husimama ili desturi ielezwe. Lakini mwandishi alikusudia hivyo, kwa kuwa aliona mambo hayo yakipotea. Lawama iliyo nzito zaidi ni kwamba mila zinasimuliwa kana kwamba hazikubadilika kamwe. Kwa sababu hiyo mtafiti asikisome kama ushahidi juu ya mtu fulani au mwaka fulani. Akisome apate kujua maswali ya kuwauliza wazee.

Mswada wenyewe ni funzo. Ulikamilika kwa Kikerewe mwaka 1945, ukakosa mchapishaji. Mzee akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikauchapa kwa tarehe ya 1980. Mwaka 1981 alifariki bila kukishika kitabu chake mkononi. Mswada wa mtu msomi ulikaa miaka 35. Je, kumbukumbu za mama asiyejua kusoma zitamngoja nani?

Bujora, karibu na Mwanza, Wasukuma wana makumbusho ya ngoma, viti na vyombo vya mababu. Nansio nayo yastahili mahali pa kuhifadhi kumbukumbu za koo. Lakini wananchi watakaoshika kazi hiyo wasiridhike na orodha za majina ya wanaume. Kwa kila jina waulize: mama yake alitoka kijiji gani? Aliolewa kwa mahari gani? Alizika watoto wangapi, na waliobaki aliwapa majina gani, kwa sababu gani? Majibu hayo yakiandikwa leo, mjukuu atawajua wazee wake kama watu walioishi.