Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Kwao ni Wapi?

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Maana yake yajulikana: mtu achezapo ngoma mbele ya watu wake, wao ndio wazijuao hatua zake, nao ndio wampao zawadi. Siku hizi iko ngoma ya kalamu, nayo ina watuzaji wake. Twapenda kuipima ngoma hiyo, kwa kuwa wasomaji wa Masasi na Newala wana haki ya kuuliza kama wao nao wamo uwanjani, au wamesimama nje ya ua wakisikiliza tu.

Jambo la kwanza katika shindano lo lote la kuandika ni mlango wake: nani aruhusiwa kuingia? Sisi twaona milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni ukoo. Iko katika India jamii ya watu wenye asili ya Kizungu na ya Kihindi pamoja, waitwao Anglo-Indian. Katiba ya nchi ile, iliyoanza kutumika mwaka 1950, yawatambua kwa kuumeni, yaani kwa asili ya Kizungu ya baba na babu zao. India ilipopata uhuru mwaka 1947 wengi walihama, wakaenda Uingereza, Australia na Kanada, hata jamii iliyokuwa ndogo ikatawanyika duniani. Basi likaanzishwa shindano la uandishi kwa ajili yao po pote walipo. Na mwaka 2004 kilitolewa kitabu kiitwacho Voices on the Verandah, chenye nathari na mashairi ya waandishi wengi wa jamii hiyo.

Mlango wa pili ni uraia. Tanzania ilianzisha mwaka 2022 Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na washindi wa kwanza wakatuzwa mwaka 2023.

Mlango wa tatu ni lugha. Mwaka 2014 Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi walianzisha tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoitwa Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell. Fedha zake, dola 15,000 kwa jumla, zilitoka kwa watengenezaji wa mabati ya kuezekea nyumba, na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kikawa mshirika. Tuzo hii haikuanza kwa kuuliza babu wa mwandishi ni nani. Iliuliza kwanza: Je, umeandika kwa Kiswahili?

Kwa sisi wa huku, twaona mlango huu wa tatu ndio ulio wa haki zaidi. Masasi yenyewe ni ushahidi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akikusudia kuwarudisha pande za Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi walipenda kukaa, wakajenga. Watu wale hawakuwa wa ukoo mmoja. Kama wangaliulizwa asili ya baba, wengine wangalijibu nini, nao waliuzwa wakiwa watoto wadogo? Waliokutana pale, pamoja na Wayao, Wamakua na Wamakonde wa nchi hii, walipata kusikilizana kwa Kiswahili. Shindano la ukoo lingewafungia nje watu wa namna hii. Shindano la lugha lawakaribisha.

Lakini mlango kuwa wazi si sawa na watu kuingia. Tutazame waliotuzwa. Mwaka 2015 tuzo ya ushairi ilimwendea Mohammed Khelef Ghassani, mtu wa Pemba aliyekuwa akikaa Ujerumani, kwa diwani yake N'na Kwetu. Twaisifu kazi hiyo. Ni sauti ya mgeni aliye mbali, wala haombi kuhurumiwa. Asema tu kwamba anako kwao, na jina la kitabu latosha kuwa hoja. Mwaka 2017 riwaya iliyotuzwa ilikuwa Mmeza Fupa ya Ali Hilal Ali, na tuzo ya mwaka 2018 ikaipata Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon. Hao nao ni watu wa Zanzibar. Kenya nayo haikukosa, maana Jacob Ngumbau Julius alituzwa mwaka huo wa 2018 kwa mashairi yake, Moto wa Kifuu.

Hatusemi kwamba waamuzi walipendelea visiwa. Pemba na Unguja zina desturi ndefu ya kutunga, kuandika na kusahihishana, na shamba lililolimwa miaka mingi ndilo litoalo mavuno. Hapo ndipo tuonapo upungufu wa mashindano haya: tuzo huvuna, haipandi. Humfikia mtu aliyekwisha kuwa na kitabu kizima mkononi. Mwanakijiji wa Newala apaliliaye mikorosho yake mchana atapata wapi nafasi ya kuandika kurasa mia mbili? Mchongaji wa Kimakonde hafundishwi kwa gogo kubwa kabisa la mpingo. Huanza na kipande kidogo, akiharibu achukue kingine. Kwa hiyo twaona waandishi wa jamii ile ya India walipata faida iliyo kubwa: habari fupi za watu wengi zilikusanywa katika kitabu kimoja. Habari ya kurasa nne yaweza kuandikwa hata na mkulima.

Upungufu wa pili ni wa lugha yenyewe. Mwaka 1919 kilitoka kitabu cha Yohanna Abdallah, padre Myao wa Unangu, juu ya habari za watu wake, nacho aliandika kwa Kiyao. Hakungoja tuzo ya mtu. Lakini kitabu kama hicho kisingepita katika mlango wa Kiswahili. Tena, hata aandikaye Kiswahili huku huona haya, kwa sababu ulimi wake huweka l mahali pa r. Waalimu wenzetu, hilo ni kosa la kusahihishwa kwa wino mara moja, si sababu ya kuitupa habari nzima. Herufi zaweza kutengenezwa na mchapaji. Habari asiyoijua hawezi kuitengeneza.

Nazo habari ziko. Mwaka 1882 Magwangwara waliipiga Masasi wakachukua watu, na misheni ikahamia Newala kwa Matola. Mwaka 1905, wakati wa Majimaji, misheni ya Masasi ilichomwa moto. Mengi ya mambo haya twayasoma katika barua na vitabu vya Waingereza, walioandika waliyoyaona wao. Yule mwanamke aliyechukuliwa mwaka 1882, njiani aliona nini? Mombasa ilipata kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapwa mwaka 1934, juu ya watu waliokombolewa wa Freretown. Kitabu kile chawasifu mno wakombozi, lakini ni mwana wa waliokombolewa asemaye. Twatamani Masasi nayo ipate chake.

Basi twawaomba wenye mashindano waweke fungu la habari fupi, na kitabu cha zilizo bora kifike shuleni vijijini, wasikisome waamuzi peke yao. Na sisi tusikae kungoja. Kila shule ichague jioni moja katika mwezi, mtoto amwendee bibi yake, aandike ukurasa mmoja kwa maneno ya bibi yenyewe, iwe kwa Kiyao, Kimakua au Kimakonde, kisha augeuze kwa Kiswahili. Mwalimu azitunze karatasi zote mbili. Kurasa hizo zikifika ishirini, zishonwe kwa uzi, zisomwe mbele ya wenyeji, nao waseme ni ipi iliyo ya kweli na iliyosemwa vizuri. Hao ndio waamuzi wa kwanza, kwa maana wanazijua hatua za ngoma ile.