Kusoma kitabu kwa mikono: juu ya «Vocabulaire» ya mji wa Elisabethville

Sisi tuliopita seminarini tulifundishwa kusoma kitabu kwa macho na kwa akili. Mwalimu alisema: fungueni ukurasa fulani, tafuteni maana, andikeni kwa ufupi. Ni vizuri. Lakini wachache kati yetu walifundishwa kuuliza: kitabu hiki kilitengenezwa namna gani? Nani alipanga herufi? Nani alilipa karatasi? Maswali hayo tuliyaona kuwa kazi ya fundi, si kazi ya padri wala ya katekista. Leo tunataka kusema kwamba tulikosea, na tutaonyesha sababu kwa kitabu kimoja kilichozaliwa katika mji wetu.

Mwaka wa 1965, mji huu ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville, mtu mmoja jina lake André Yav aliandika historia ya mji kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa zamani maboyi katika nyumba za Wazungu. Akaiita kwa Kifaransa «Vocabulaire de ville de Elisabethville». Mtunza vitabu akisoma jina hilo tu, atakipeleka kati ya kamusi. Lakini ndani hamna orodha ya maneno. Mna mfalme Leopold II, mna Msiri wa Bunkeya, mna kuja kwa Wabelgiji, mna maisha ya boyi na bwana wake. Kiswahili chake ni kile tunachokisikia kila siku sokoni Kamalondo, si kile cha Unguja wala kile cha vitabu vya misa. Maandiko yalipigwa kwa mashini ya kuandika, yakatolewa kwa roneo, kurasa 30 na kitu. Mwaka wa 1990 Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, aliyatoa katika kitabu cha Kiingereza, «History from Below», kilichotolewa Amsterdam na nyumba ya John Benjamins. Walter Schicho aliongeza maelezo juu ya lugha.

Tulikisoma kitabu hicho katika chumba nyuma ya kanisa, hapa Kamalondo, mtaa ulioitwa Albert wakati wa Wabelgiji. Tulikuwa waseminari sita, makatekista wazee wawili, na kijana mmoja mpiga chapa. Hatukuwa na mashini kubwa. Tulikuwa na mashini ya kuandika ya zamani, karatasi chache za stensili, sanduku la herufi za risasi, mkasi, sindano na uzi. Hayo yalitosha.

Siku ya kwanza tulikunja karatasi. Karatasi moja kubwa ikikunjwa mara tatu inatoa majani 8, yaani kurasa 16. Kwa hiyo vitabu vingi vinakwenda kwa 16, na mpiga chapa akibaki na kurasa tupu mwishoni anazijaza sala au tangazo. Mzee mmoja alicheka: kumbe zile sala za mwisho katika kitabu chake cha nyimbo labda ziliwekwa pale kwa sababu nafasi ilibaki! Siku ya pili tulipanga herufi za risasi. Kila moja inasimama kinyume, kama uso katika kioo. Mseminari wa falsafa, mwenye alama nzuri, alipanga jina lake mwenyewe, na «n» yake ikatoka «u». Akanyamaza kidogo, kisha akasema hatawacheka tena wapiga chapa.

Siku ya tatu ndiyo iliyotufundisha zaidi. Katekista mzee alileta daftari la sala lililotolewa kwa roneo zamani. Ndani yake, palipotakiwa neno «makosa», palikuwa «lakosa». Mseminari mmoja alichukua kalamu nyekundu ili asahihishe, na tuseme kweli, alitabasamu kwa dharau. Alidhani mwalimu aliyeandika hakujua Kiswahili. Tukamkalisha mbele ya mashini ya kuandika. Mashini zetu zina mpango wa Kifaransa: herufi ya «m» iko kando ya «l», upande wa kuume. Kidole kikikosa kidogo tu, makosa yanakuwa lakosa. Kijana yule amezoea herufi za telefoni yake, zilizopangwa namna nyingine. Hakuweza kulijua jambo hilo kwa macho tu.

Lakini kwa nini mwandishi hakusahihisha? Tulimpa mseminari stensili. Karatasi hiyo imepakwa nta. Unaondoa utepe wa wino, na chuma cha herufi kinakata nta yenyewe. Baadaye wino unapita katika matundu hayo. Ukipiga kwa nguvu, tumbo la «o» linaanguka, na panabaki doa. Ukipiga kwa ulegevu, herufi haionekani. Ukikosea, ni lazima upake dawa juu ya kosa, ungoje ikauke, kisha upige tena mahali pale pale. Stensili ikipasuka, unaanza ukurasa upya, na stensili inanunuliwa kwa franka. Baada ya saa moja mseminari alikuwa ametoa nusu ya ukurasa, na makosa yake yalikuwa tisa. Aliiweka chini ile kalamu nyekundu.

Basi tulirudi kwa Yav tukiwa na macho mengine. Katika maandiko yake maneno mara yanashikamana, mara yanakatwa katikati. Mwisho wa sentensi haujulikani vizuri. Msomaji mwenye haraka anasema: huyu hakusoma. Sisi tunasema: huyu aliandika kwa sikio, katika lugha ambayo hakuna shule iliyomfundisha kuiandika, kwa chombo kisichosamehe. Kalundi Mango aliyasoma maandiko yote kwa sauti, yakashikwa katika utepe, kisha yakaandikwa upya kufuata sauti ile. Hapo maana iliyofichwa ilitokea. Ndiyo sifa kubwa ya kazi hiyo ya 1990: ilitambua kwamba karatasi ile ilingoja mdomo. Makatekista wetu hawakustaajabu. Mmoja alisema: «Padri, sisi tunasoma vile kila siku ya Mungu.»

Sasa tuseme na upungufu. Kwanza, kitabu cha Amsterdam, hata kikihifadhi kila kosa, hakiwezi kutupa karatasi yenyewe. Ukurasa wake ni safi, herufi zote sawasawa. Umaskini wa chombo, ambao ni sehemu ya ushuhuda, unabaki nje. Pili, maelezo yake ni ya Kiingereza, na bei yake si ya mtu wa Kamalondo. Watoto wa maboyi wale hawawezi kujua ni nini kinachosemwa juu ya baba zao. Ni kweli, baadaye maandiko yaliwekwa katika intaneti, na mtu aweza kuyasoma bila malipo, tunashukuru. Lakini tafsiri ni ya Kiingereza, nasi tulitawaliwa kwa Kifaransa. Kazi ya kuyarudisha nyumbani imebaki kwetu.

Jambo hili si la Yav peke yake. Tuchukue «La Philosophie bantoue» ya Padri Placide Tempels. Wengi wetu tunaitaja kwa toleo la Présence Africaine, Paris, 1949, na tunafikiri ilianzia kule. Lakini mtu akishika toleo la kwanza mkononi anasoma: Lovania, Elisabethville, 1945. Tempels aliandika kwa Kiflamandi, A. Rubbens akatafsiri, na kitabu kikatoka kwanza kwa Kifaransa katika mji wetu. Kile cha Kiflamandi kilifuata Antwerpen mwaka wa 1946. Basi wasomaji wa kwanza walikuwa mapadri na wakubwa wa serikali waliokuwa hapa hapa, na ugomvi wa kwanza juu yake ulikuwa ugomvi wa hapa. Anayetaja Paris tu anasahau nusu ya historia.

Wenzetu wa mbali wameelewa jambo hili mapema. Huko New Zealand, mwaka wa 1962, D. F. McKenzie aliweka mashini ya mkono katika chuo kikuu cha Wellington ili wanafunzi wachape wenyewe. Baadaye alionyesha jinsi mkataba wa Waitangi wa 1840 ulivyokuwa kitu kingine kwa Wamaori, watu wa neno la mdomo, na kitu kingine kwa Waingereza, watu wa karatasi. Huko Marekani Terry Belanger alianzisha mwaka wa 1983 shule ya vitabu, ambayo tangu 1992 iko Virginia. Wanafunzi wake wanashika vitabu vyenyewe, hawaangalii picha tu.

Hata hivyo tujihadhari. Kucheza na herufi za risasi kunapendeza, na mtu aweza kutoka na wino mikononi bila kujua kitu zaidi. Mikono ni lazima ifuatwe na maswali: nani alilipa, nani alikatazwa, nani hakutajwa? Tena kosa la kidole si udhuru wa kila kosa. Katekisimu yenye mafundisho mabaya ni mbaya hata ikiwa na herufi nzuri, na Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 827, inataka katekisimu ikubaliwe na Askofu. Lakini ili kujua kama kosa ni la imani au la stensili, ni lazima kwanza mtu ajue stensili.

Wiki ile ile tulinunua karanga njiani, na zilifungwa katika ukurasa wa kitabu cha zamani cha mafundisho. Muuzaji hakuwa na kosa. Kuna parokia moja iliyotupa masanduku yake kwa kuwa vitabu vilikuwa «vibaya, vya zamani». Hakuna aliyefungua hata kimoja kutazama nyuma ya jalada, mahali pa Imprimatur, jina la Askofu na mwaka. Historia yetu inakwenda vile, franka kwa franka, pamoja na karanga.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kila seminari itenge siku chache za kukunja, kupanga na kupiga stensili. Mashini za zamani bado zinapatikana katika ghala za misioni. Kila parokia, kabla ya kutupa, imwite katekista wake mzee na kuandika anachokumbuka: nani alipiga, wapi, mwaka gani. Na sisi tunaosahihisha kazi za wengine, tuikae kwanza mashini hiyo saa moja. Mtume Toma alitaka kugusa kabla ya kusadiki, na Bwana hakumkatalia. Yule mzee mwenye daftari ameturuhusu kulinakili. Tumeliacha neno «lakosa» mahali pake.