Kutegesha Kahawa ya Alfajiri

Katika kazi ndogondogo zinazofanywa nyumbani kabla ya kulala, kutegesha mashine ya kahawa ili ijipikie yenyewe alfajiri hudharauliwa kuliko nyingi. Mtu hujaza maji, hutandika karatasi ya chujio, hupima unga, huweka saa, hubonyeza kitufe, basi. Asubuhi kahawa iko tayari, na sifa zote huenda kwa mashine. Nadhani sifa hizo zimekosea mlango. Mashine ya kuchuja kahawa haijui lolote. Haijui kama jagi limewekwa chini yake au limesahaulika kwenye karo. Haijui kama umeme ulikatika saa nane za usiku, wala haijui kama iko Tanga pwani au Katesh nyanda za juu. Yote hayo sharti yajulikane na mtu, tena ayajue jioni, kwa sababu saa ya kusahihisha ikifika atakuwa usingizini. Anayepika kahawa akiwa amesimama jikoni anaweza kuonja, kuongeza, kupunguza moto. Anayetegesha hana nafasi hiyo, hivyo uangalifu wake wote anautoa mapema, kwa mkupuo mmoja. Huo ni ufundi kamili, na katika nyanda za wilaya za Mbulu na Hanang, kaskazini mwa Tanzania, unadai mengi zaidi, kwa kuwa huko mwinuko wa nchi, baridi, umeme na hata namna ya kuhesabu saa humlazimu mtegeshaji ajue vizuri mahali alipo.

Tuanze na maji. Mashine ya kawaida ya aina hii haina pampu. Ndani yake mna bomba jembamba lililobanwa na waya wa joto. Maji hushuka humo kutoka kwenye tangi kupitia vali inayoyaruhusu kwenda upande mmoja tu, hupata moto hadi mapovu ya mvuke yazuke, na mapovu hayo ndiyo yanayoyasukuma juu ili yadondokee unga. Kuchemka kwenyewe ndiyo nguvu ya chombo. Chujio la karatasi lilibuniwa na mama mmoja wa Kijerumani, Melitta Bentz, mjini Dresden mwaka 1908. Mashine ya umeme ya kudondosha iliyoitwa Wigomat ilitoka Ujerumani vilevile mwaka 1954, na kuanzia 1972 Mr. Coffee ikaieneza namna hii ya kupika katika majumba ya Marekani. Sasa, Dresden imejengwa kando ya mto, mita mia na ushei tu juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka karibu na nyuzijoto 100. Ukipanda mita 1,800, kimo ambacho si cha ajabu katika nyanda za Mbulu, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi. Ukiyabeba hadi kilele cha Mlima Hanang, mita 3,417, yatatokota kabla hata hayajafikia 90.

Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu kahawa hutoa utamu wake vizuri inapopitiwa na maji ya nyuzijoto 90 hadi 96. Mtu wa pwani anayemimina kwa birika huambiwa asubiri kidogo maji yapoe. Mtu wa Mbulu hana haja ya kusubiri: birika lake likichemka liko palepale panapotakiwa, kana kwamba nchi yenyewe imempimia. Lakini mwenye mashine hana bahati hiyo. Kati ya bomba na unga maji hupoteza nyuzijoto kadhaa, na kama yameanzia 94, yanaweza kufika yakiwa chini ya 90. Katika baridi ya Juni na Julai, pale jagi, kikapu cha chujio na maji ya tangini vyote vimelala vikipoa usiku kucha, hasara huzidi. Maji yenye joto pungufu huacha kahawa nyepesi, yenye uchachu usiopendeza. Anayepika akiwa macho angepasha mashine kwanza kwa maji matupu. Aliyetegesha hawezi, hivyo dawa yake inabaki kwenye unga: asage laini kidogo kuliko kijitabu kinavyosema, na badala ya zile gramu 60 kwa lita zinazotumiwa na wengi, aongeze kidogo. Hakuna kiwanda kitakachomwambia hivyo. Ni elimu ya mahali, ya mtu anayejua kwamba jikoni mwake si Dresden.

Kuna pia suala la chumvi za majini. Maji yenye chokaa huacha ukoko ndani ya lile bomba jembamba, ukoko huzuia joto lisipite sawasawa, na mashine iliyokuwa ikimaliza kazi kwa dakika 7 huanza kuchukua 10, kisha zaidi. Kwa anayesimama karibu hilo ni kero ndogo. Kwa aliyepanga kunywa na kuondoka kuwahi basi la alfajiri la kwenda Arusha, ni mpango kuvunjika. Kwa hiyo mtegeshaji mzuri husikiliza mashine yake mwezi hadi mwezi, huipitishia siki au maji ya limau inapoanza kukoroma, na akiona bado inachelewa huitegesha ianze mapema zaidi kwa kiasi kilekile.

Na saa ndiyo kiini cha ufundi wenyewe. Mashine huanza kuhesabu saa sita za usiku. Watu wa Mbulu na Hanang, kama Waswahili wote, huhesabu kuanzia macheo. Anayetaka kahawa saa kumi na moja na nusu alfajiri anapaswa kuandika 5:30, tena ahakikishe ile alama ndogo ya kabla ya adhuhuri imewaka, la sivyo kahawa itapikwa jioni nyumba ikiwa tupu. Wapo wanaouona ubadilishaji huu wa saa kuwa usumbufu. Mimi naona hesabu yetu inampa mtegeshaji faida ambayo wenzake wa Ulaya hawana. Wilaya hizi ziko karibu na ikweta, kwenye latitudo ya nne kusini hivi, na mwaka mzima jua lake huchomoza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo. Nusu saa tu ndiyo tofauti yote. Huko Ujerumani macheo ya Juni na ya Desemba yamepishana kwa saa kadhaa, na anayetaka kuamka na mwanga hubadilisha saa ya mashine mara kwa mara. Huku ukiipanga vizuri mara moja, jua halitakugombeza.

Kitakachokugombeza ni umeme. Mashine nyingi za kidijitali zikikosa umeme hata kwa muda mfupi husahau kila kitu, na umeme ukirudi kioo hupepesa 12:00 mpaka asubuhi huku unga mkavu ukisubiri. Swichi ya saa ya mzunguko, ile ya gurudumu lenye meno inayochomekwa ukutani, ina tabia nyingine: umeme ukikatika husimama ilipo, ukirudi huendelea. Ikikosa umeme kwa dakika 40, kahawa itachelewa dakika 40, lakini itapikwa. Kwa nyumba ambayo umeme wake hukatika mara kwa mara, kifaa hicho cha zamani kina akili zaidi kuliko kioo chenye tarakimu, ilimradi mashine yenyewe iwe na swichi ya kawaida inayobaki imewashwa. Kuchagua kati ya viwili hivi kwa kujua tabia ya umeme wa mtaa wako ni sehemu ya ufundi ninaousifu.

Lipo na fumbo la mashine zinazotumwa na ndugu walioko Marekani. Kila mtu anajua kwamba zimetengenezewa volti 120 na kwamba bila transfoma zitaungua kwenye volti 230 za hapa. Wachache wanajua kwamba hata transfoma haitoshi. Saa za baadhi ya mashine huhesabu mizunguko ya umeme wenyewe. Marekani mizunguko hiyo ni 60 kwa sekunde, Tanzania ni 50, na transfoma hubadilisha volti bila kugusa mizunguko. Saa ya namna hiyo hupoteza dakika 10 kila saa. Itegeshe saa tatu usiku kwa ajili ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, nayo itakupikia saa moja na dakika kumi na mbili, wakati watoto wamekwisha kwenda shule. Mtu asiyejua atasema mashine ni mbovu na kuiweka uvunguni. Anayejua atapiga hesabu, au ataacha saa yake na kutumia ile ya ukutani.

Hapo huja pingamizi la kwanza, tena zito: kwamba haya yote ni uvivu uliovalishwa nguo za elimu, na kwamba kazi ya mikono ndiyo kazi. Jibu liko karibu na Ziwa Balangida, katika nyumba za wafugaji wa Kidatoga. Mama akilaza maziwa kwenye kibuyu ili asubuhi ayakute yameganda, hakuna anayemwita mvivu kwa sababu maziwa yaliganda yeye akiwa amelala. Kila mtu anajua kwamba kazi ilikuwa katika kukiosha kibuyu, kukifukiza, kujua maziwa ya leo yana hali gani na usiku utakuwa na baridi kiasi gani. Mgando mbaya hulaumiwa mlazaji, mgando mzuri humpa sifa. Sioni kwa nini kahawa inayodondoka gizani ihukumiwe kwa sheria nyingine.

Tena neno uvivu lina sura nyingine tukiuliza ni nani anayelala kidogo. Katika nyumba nyingi za wilaya hizi anayeamka wa kwanza ni mama au binti, na anachoamkia ni kuni, moshi na sufuria, gizani, katika baridi inayouma vidole. Kinywaji cha asubuhi kinapotegeshwa usiku, hakipunguzi kazi tu. Kinaingia mikononi mwa watu wengine. Saa tatu usiku watu wote bado wako macho, na baba anaweza kupima unga na kujaza maji kama mtu mwingine yeyote. Kazi ya alfajiri ilikuwa na mwenyewe tangu zamani. Kazi ya usiku inaweza kugawanywa. Naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko ladha.

Lakini ladha nayo ina watetezi wake, na wana haki. Wanasema kahawa iliyosagwa jioni imekwisha kupoteza harufu alfajiri. Ni kweli kwamba kahawa ikisagwa huanza kutoa harufu yake hewani mara moja, na hakuna utegeshaji unaoweza kuirudisha. Kinachowezekana ni kupunguza hasara: kusaga kwa dakika ya mwisho kabla ya kulala, na kufunika kikapu cha chujio vizuri. Zipo mashine zenye kinu ndani zinazosaga na kupika kwa pamoja, lakini bei yake ni ya juu na kelele zake zitaamsha nyumba nzima. Nakubali kwamba kikombe cha mtegeshaji hakitakifikia kile kilichosagwa na kumiminwa papo hapo. Kinapaswa kulinganishwa na kile ambacho mtu angekunywa kweli saa hiyo, ambacho mara nyingi ni maji ya moto na kijiko cha kahawa ya kopo, au hakuna kabisa.

Hasara kubwa zaidi ya ladha hutokea baadaye, kwenye sahani ya moto iliyo chini ya jagi. Kahawa ikikaa hapo huendelea kuiva isipotakiwa na kugeuka chungu. Na hapa nyumba za Mbulu na Hanang zilikuwa na jibu kabla ya swali: chupa ya chai. Chupa yenye kuta mbili na ombwe katikati, wazo la James Dewar la mwaka 1892, hutunza joto bila kuongeza moto, na ndiyo maana chai ya maziwa iliyopikwa usiku hunyweka alfajiri. Mashine yenye jagi la namna hiyo, isiyo na sahani ya moto, ndiyo inayofaa huku. Chupa hiyo hujibu pia pingamizi la mwisho, la wale ambao nguzo za umeme hazijawafikia, au ambao sola yao inatosha taa na simu tu na haiwezi kubeba wati 900. Kuchemsha lita moja kwa mashine hutumia kama sehemu ya kumi ya yuniti ya LUKU, kiasi kidogo, lakini mtu asiye na mita hana hata hicho. Anayepika kahawa kwa makaa saa nne usiku, akaipasha chupa kwanza kwa maji ya moto, akaijaza hadi juu ili hewa isibaki, akaziba, ametegesha kahawa yake kwa maarifa yaleyale ninayoyasema.

Tanzania huuza nje sehemu kubwa ya kahawa yake, na kahawa ya arabika hulimwa jirani kabisa, kwenye miteremko ya Karatu na Oldeani. Wanaoilima wanastahili kuinywa ikiwa nzuri. Kinachokosekana ni kidogo sana. Mashine za kahawa huuzwa pamoja na vijitabu vya lugha nyingi, na mara nyingi Kiswahili hakimo. Muuza vifaa vya umeme angeweza kuambatanisha karatasi moja iliyoandikwa na mtu wa hapahapa: saa kumi na moja alfajiri kwenye kioo huandikwaje, unga uongezwe kiasi gani kwenye mita 1,800, siki ipitishwe lini, na kabla ya kupokea mashine kutoka ng'ambo utazame nini kwenye kibandiko cha nyuma, volti pamoja na mizunguko.