Mayai 15 ya Bodo

Mwanzoni mwa karne ya 9, abati Irminon wa abasia ya Saint-Germain-des-Prés, jirani na Paris, aliamuru mashamba ya watawa wake yaandikwe daftarini. Wanahistoria hulichimba daftari hilo kutafuta takwimu. Mimi navutwa na mpangilio wake, kwa kuwa ukabaila wa Ulaya unajieleza humo waziwazi kuliko katika visa vya ngome na mashujaa.

Kila sura huanza na shamba la bwana: nyumba, makonde, mizabibu, na msitu uliopimwa kwa idadi ya nguruwe unaoweza kuwanenepesha. Watu hufuata baadaye, kaya baada ya kaya, kwa sentensi za umbo moja: jina, hadhi, mke, watoto, ardhi, kisha madeni.

Tumsome Bodo. Yeye na mkewe Ermentrudis ni wakulima waliofungwa na ardhi, hadhi yenye mizizi Roma, ambako sheria ya Kaisari Konstantino ya mwaka 332 iliruhusu mkulima wa aina hiyo atiwe minyororo akipanga kutoroka. Wana watoto 3. Wana konde, mizabibu na malisho. Kisha madai yanamiminika: shilingi 2 za fedha kwa ajili ya jeshi, divai ili nguruwe wake waruhusiwe msituni, mbao 100 kila mwaka wa tatu, shokoa mara 2 kwa wiki, na kazi ya mikono mara 1, kuku 3, mayai 15. Vitenzi vyote viko katika wakati uliopo. Deni halina siku lilipoanza, wala siku litakapokwisha.

Baada ya mayai ndipo inatajwa kazi ya kusafirisha mizigo, nayo haina idadi: ataifanya akiagizwa. Kwa kaya nyingine za daftari hilohilo, shokoa, usafirishaji na ukataji miti vyote vinawekwa chini ya kauli moja, kadiri atakavyoamriwa. Siamini kwamba karani aliyehesabu mayai alipitiwa. Kinachoingia ghalani kinapimwa, ila nguvu za mkulima zinaachwa bila mpaka, na pengo hilo ndilo mamlaka yenyewe ya bwana.

Jambo jingine hujificha katika vivumishi. Vipande vya ardhi navyo vina hadhi, vingine huru, vingine vya kitumwa, na hadhi hiyo mara nyingi haioani na ya anayevilima. Mtu huru akishika kipande cha kitumwa, anatumikia kazi za kipande hicho.